Siku Tatu Darasa la Awali



Machi nilipokuja likizo, mwalimu wa darasa la awali alikuwa amejifungua. Mwalimu mkuu akaniomba nimshikie darasa siku tatu. Mimi mhasibu, nikajua kuhesabu ndiyo kazi yangu. Watoto wakanishinda: huyu analia, wale wanagombania kizibo, wengine wameshatoka nje. Kesho yake bibi mmoja jirani akaniambia, “Mwanangu, waimbishe kwanza.” Tukahesabu vizibo vya soda kwa wimbo, wakatulia.

Nilipoondoka, darasa lilibaki halina mtu. Ada shule za serikali ilishafutwa, lakini kwetu mwalimu akijifungua au akiugua, hana wa kumshikia. Naomba tuchange posho ya mwalimu wa akiba. Mimi naanza: mshahara wangu wa siku tatu. Nani ananifuata?