CHOMBO KIKILALA, MWENYE MALI ASILALE
Maneno ya Kamati ya Vyombo kwenye sherehe za kutimiza miaka 10



Waliotutangulia kusema wameeleza habari za hisa na marejesho. Sisi tumepewa nafasi tuseme machache juu ya petroli na betri. Msishangae. Tulipoanza, mkopo ulikuwa mtaji wa kuchuuza dagaa na vitenge. Siku hizi mkopo ni injini ya mtumbwi, ni pampu ya kumwagilia nyanya na mchicha kando ya ziwa, ni betri za taa za kuvulia dagaa. Sasa mashine ikifa, deni halifi. Mama anaendelea kuleta marejesho kila wiki kwa ajili ya kitu ambacho hakiwaki.

Jamani, tuseme ukweli. Wengi wetu tunamiliki mashine lakini hatuzijui. Tukiambiwa na vijana wa mtumbwini kwamba oili imekwisha, tunatoa hela. Tukiambiwa betri imekufa, tunatoa hela. Eti mashine ni mambo ya wanaume! Lakini jina lililoandikwa kwenye daftari la mkopo ni la nani? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza kwamba hata ikiwa na daftari, mali isiyojulikana na mwenyewe hupotea vilevile.

Watu hudhani mashine huharibiwa na kazi. Nyingi huharibika zikiwa zimepumzika. Ninyi wa Kirumba, Igombe na Kayenze mnajua kwamba mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, na mitumbwi inapandishwa pwani. Pampu nayo hulala masika yote. Siku hizo za kulala ndizo za kuangalia.

Tuanze na petroli. Petroli haikai kama mafuta ya kula. Ikikaa mwezi mmoja hadi mitatu, hasa kwenye dumu lisilofungwa vizuri au lililo juani, inapoteza nguvu na kuacha utomvu. Utomvu huo huziba vitundu vidogo vya kabureta. Basi usinunue ya kulaza. Pampu ikimaliza kazi ya msimu, funga koki ya mafuta, iache iungurume mpaka ijizime yenyewe, kisha mwaga yaliyobaki kwenye tenki ndani ya dumu safi yatumike kwingine. Injini ya mtumbwi ifanyiwe hivyo ingali majini: chomoa mpira wa mafuta, iache imalize yaliyo ndani. Usiiwashe nchi kavu, maana inapozwa na maji ya ziwa, na bila hayo inaungua.

Pili, maji. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini ya tenki, na huko ndiko injini inakovuta. Mimina mafuta yako kwanza kwenye chupa nyeupe, uyaache yatulie. Ukiona mstari chini, hayo ni maji. Tumia chujio kila unapojaza.

Tatu, oili. Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Injini nyingi za mitumbwi yetu ni za mipigo miwili, na oili yake inachanganywa na petroli. Kipimo cha kawaida ni 1 kwa 50, yaani petroli lita 20 kwa oili mililita 400. Zipo za kipimo kingine, kwa hiyo kitabu cha mashine ndicho kitawale. Oili ikipungua, injini inanoki. Ikizidi, inatoa moshi na plagi inachafuka. Pampu nyingi ni za mipigo minne; hizo zina mahali pake pa oili, na petroli yake haichanganywi. Nyingi hutakiwa kubadilishwa oili baada ya saa 20 za mwanzo, halafu kila saa 100 au miezi sita.

Sasa betri. Betri ya maji ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.6 kwenye mita. Ikishuka chini ya 12.4, ipelekwe chaji. Ikifika 12 imekwisha, na kuilaza hivyo ni kuiua, maana vyuma vya ndani vinaota ugando mweupe usiotoka tena. Kwa hiyo usiku wa mwisho kabla ya mbalamwezi betri isiende stoo, iende chaji. Maji yakipungua, ongeza maji safi ya betri tu, yafunike vyuma. Usiweke maji ya ziwa wala tindikali. Wakati wa kuchaji betri hutoa hewa inayolipuka, hivyo isiwe karibu na jiko wala sigara. Iliyokufa isipasuliwe uani: risasi iliyomo ni sumu kwa watoto na kwa ziwa letu.

Mwisho ni roho zetu. Tunajua kwa nini dumu la petroli linalala chumbani: tunaogopa wezi. Lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni hadi kwenye moto. Tarehe 10 Agosti 2019 kule Morogoro, watu walikuwa wakichota petroli ya lori lililopinduka, ikalipuka, na zaidi ya 100 walipoteza maisha. Dumu moja chumbani linatosha nyumba moja. Pia msijaze tenki injini ikiwa ya moto. Na kwa anayetumia karabai, mafuta ya taa yaliyochanganyika na petroli ni hatari ya mlipuko. Dumu la petroli lisiwekwe mafuta ya taa kabisa.

Tunaomba mkutano huu ukubali mambo matatu. Kwanza, asipewe mkopo wa mashine mwanachama asiyejifunza mwenyewe kuitunza, hata kama ana mume au kijana fundi. Pili, kila mashine iwe na daftari lake: saa za kazi, oili, chaji. Tatu, kikundi kijenge banda moja la kufuli, lenye matundu ya hewa, mbali na nyumba za kulala, tuweke madumu yetu humo. Wahisani wetu, hapo kwenye banda tunawatazama ninyi.

Miaka 10 tumejifunza kutunza shilingi. Sasa tutunze kile ambacho shilingi hiyo imenunua.