Kapi Huonja Kabla ya Kumeza

Wazee wetu, akina mama, na vijana mnaokaa karibu na maziwa na mabwawa: nataka kusema nanyi habari za samaki mmoja tu, naye ni kapi, na jinsi ya kumvua kwa mshipi na ndoana. Sisemi habari za nyavu. Mwenye mashua na nyavu ana kazi yake naye aijua. Maneno yangu ni kwa mtu mwenye ufito, uzi, ndoana mbili tatu na siku moja ya mapumziko, ambaye hutoka asubuhi na kurudi jioni mikono mitupu, kisha huwaambia watu wa nyumbani ya kuwa samaki wamekwisha.

Kapi hawakwisha. Samaki huyu si wa asili ya nchi yetu. Kwao ni Asia na Ulaya. Katika ziwa Naivasha alianza kuonekana mwaka 2001, na inadhaniwa ya kuwa aliingia kwa maji ya mto Malewa kutoka mabwawa ya kufugia samaki. Ilipofika mwaka 2010 kapi walikuwa ndio sehemu kubwa kabisa ya samaki waliovuliwa ziwani humo. Yuko pia katika bwawa la Masinga, katika mto Tana, ambalo ujenzi wake ulimalizika mwaka 1981. Basi mtu arudipo bure si kwa kuwa maji hayana kitu. Ni kwa kuwa samaki alimjua yeye mapema kuliko yeye alivyomjua samaki.

Tuanze na masikio. Watu wengi hudhani ya kuwa samaki hasikii, kwa sababu hawaoni sikio lake. Sikio analo, lakini liko ndani ya kichwa. Tena kapi na jamaa zake wamepewa kitu ambacho samaki wengi hawana, yaani vifupa vidogo vinavyounganisha kibofu cha hewa kilichomo tumboni na lile sikio la ndani. Mtaalamu mmoja Mjerumani, Ernst Weber, alivieleza vifupa hivyo mwaka 1820, na hata leo vinaitwa kwa jina lake. Sauti ikipita majini hukitikisa kibofu kama ngozi ya ngoma, na vifupa huupeleka mtikisiko huo kichwani. Kwa hiyo kapi husikia vizuri sana, hasa sauti za mitetemo kama 500 hadi 1,000 kwa sekunde. Tena ubavuni ana mstari wa vitundu vidogo ambao huhisi maji yakisukumwa karibu naye.

Sasa angalieni jambo hili. Maneno mnayozungumza ukingoni kwa sauti ya kawaida hayamfikii sana, kwa maana sauti ya hewani ikifika juu ya maji, sehemu kubwa hurudi juu. Lakini kishindo cha mguu hupita katika udongo na kuingia majini. Jiwe likianguka, au ndoo ikigongwa mtumbwini, ni kama kumpigia kengele. Nimeona vijana wakinyamazishana kwa ukali huku wakirukaruka ukingoni kwa viatu vizito. Afadhali wangezungumza na kukaa kitako.

Sasa tuje kwenye kuonja, ambako ndiko kwenye siri yote. Kapi ana ndevu nne, mbili kila upande wa mdomo, nazo zimejaa vionjeo kama vile vilivyo juu ya ulimi wa mtu. Vionjeo hivyo viko pia midomoni mwake, ndani ya kinywa, na hata juu ya ngozi na mapezi. Pua yake nayo hupitisha maji na kupata harufu toka mbali. Katika maji ya Naivasha, ambayo mara nyingi huwa na matope (na kapi mwenyewe ni mmojawapo wa wanaoyachafua), macho hayamsaidii sana. Yeye huenda akipapasa tope kwa ndevu zake.

Akipata mahali penye dalili ya chakula, huunyosha mdomo wake kama bomba na kufyonza tope pamoja na kila kilichomo. Katika kaakaa ana nyama nene ambayo hukibana kile kilicho chakula, na tope hutoka kwa njia ya mashavu. Kisichofaa hutemwa kwa mdomo. Yote haya huyafanya kwa muda mfupi kuliko mimi ninavyoyasema. Mdomoni hana meno. Meno yake yako kooni, na kwa hayo husaga konokono na punje ngumu. Tena hana mfuko wa tumbo wa kuweka chakula kingi. Hula kidogo, akaenda, akala tena.

Ukiyajua hayo, utaona mwenyewe kosa liko wapi. Mvuvi humwaga debe zima la chambo, samaki akala yale yaliyotawanyika, wala asiifikie ndoana. Mahindi ni chakula cha watoto wako, usiyamwage ziwani. Konzi mbili zatosha, na baada ya saa moja konzi moja nyingine, mahali pale pale palipo na ndoana yako.

Lakini yasiwe mahindi makavu. Harufu na ladha anayoitambua samaki ni ile iliyoyeyuka katika maji, na punje kavu haitoi kitu. Loweka mahindi mchana na usiku, kisha uyachemshe mpaka punje iweze kubonyea kwa kucha, halafu uyaache katika maji yake siku mbili mpaka yaanze kuchacha. Yale maji machachu usiyamwage: ukandie unga kidogo, ufanye donge, ulitupe karibu na ndoana. Kwa lugha ya maji, hilo donge humwita kapi. Mnyoo wa ardhini pia ni mzuri sana, kwa kuwa umajimaji wake una vitu vya jamii ya nyama ambavyo kapi huvionja upesi. Mafuta ya kupikia, ambayo wengine huyasifu, huelea tu juu ya maji. Wala usikishike chambo kwa mkono ulionuka petroli au tumbaku. Nawa kwanza kwa tope la ziwa.

Huko Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1970, wavuvi wawili, Len Middleton na Kevin Maddocks, walitafuta dawa ya tabia hii ya kuonja na kutema. Waliona ya kuwa punje iliyochomwa kwa ndoana ni nzito na haiendi kama punje nyingine, basi kapi huifyonza, akahisi chuma, akaitema. Wakafunga uzi mwembamba mfupi penye ndoana, wakaitia punje katika uzi huo, na ndoana yenyewe wakaiacha tupu. Samaki hufyonza punje, na ndoana huifuata nyuma. Akitaka kuitema, ncha hushika mdomo wake wa chini. Jambo hili halihitaji fedha. Toboa punje mbili laini kwa sindano, pitisha uzi, funga kijiti kidogo cha jani kavu zisitoke, na uache nafasi ya upana wa nusu ukucha kati ya punje na ndoana. Chubwi liwe zito kidogo, ili samaki akigeuka ajichome mwenyewe.

Uzi mkuu uwe wenye nguvu, na sababu si kumpata samaki mmoja tu. Mholanzi mmoja, Beukema, alijaribu kuvua kapi katika mabwawa na kuwarudisha, na mwaka 1970 akaandika aliyoyaona: kapi aliyekamatwa mara moja tu alikuwa mgumu sana kukamatwa tena, na fundisho hilo lilidumu kwa muda mrefu. Basi kila samaki akatae uzi wako na kwenda zake amekwenda na elimu. Mahali palipokatika nyuzi nyingi, hama, au badili chambo.

Jambo jingine wengi hawalijui. Mwaka 1938 mtaalamu Karl von Frisch alieleza ya kuwa samaki mdogo wa ukoo wa kapi ngozi yake ikichanika, hutoka kitu majini ambacho wenzake wakikinusa hukimbia. Kapi naye ana chembe za namna hiyo katika ngozi. Kwa hiyo usimparue samaki magamba wala kumpasua pale pale unapovulia. Mweke katika kikapu, ukamtengenezee mbali na maji.

Nimeacha habari ya mahali mpaka sasa, kwa sababu ndiyo inayogharimu maisha ya watu. Katika Naivasha wako wanaoingia majini hadi kiunoni, wakiamini ya kuwa samaki wako mbali, na viboko wameua watu. Kapi hana haja ya kufuatwa huko. Chakula chake, yaani mabuu, minyoo na konokono, kiko kwa wingi katika maji mafupi karibu na majani, na upepo wa alasiri ukisukuma mawimbi kuelekea ukingo, huchochea tope na yeye huja kula. Keti nchi kavu, hatua kadhaa nyuma ya maji, upande ule upepo unakoelekea, utupe uzi mbele ya majani. Kuingia majini ni kumfukuza kwa kishindo yule yule unayemtafuta.

Vitabu vya Ulaya husema kapi huvuliwa vizuri alfajiri na magharibi. Ni kweli, lakini Ulaya hakuna viboko. Hizo ndizo saa ambazo viboko hutoka majini kwenda malishoni na kurudi. Kwa kuwa kapi hutumia ndevu kuliko macho, katika maji ya tope atakula hata saa nne ya asubuhi na saa kumi ya alasiri. Chagua saa hizo. Usiketi penye njia ya viboko, nayo hujulikana kwa majani yaliyolala na udongo uliochimbika. Usiende peke yako.

Tena kabla ya kwenda, fika kwa afisa wa samaki wa kaunti yako umwulize habari ya leseni, na mahali ambapo kuvua kumekatazwa kwa sababu samaki huzalia hapo. Atakuonyesha pia njia halali za kufika ukingoni, maana sehemu kubwa ya ukingo wa Naivasha ni mashamba ya watu.