MLINZI WA ATLANTA: UVUMI SI USHAHIDI



Leo twataka kuzungumza juu ya bomu lililolipuka katika mji wa Atlanta, Marekani, tarehe 27 Julai 1996. Mataifa yalikuwa yamekusanyika huko kwa Michezo ya Olimpiki, na usiku ule maelfu ya watu walikuwa katika bustani ya Centennial Olympic Park wakisikiliza muziki.

Mlinzi mmoja, Richard Jewell, aliona mkoba umeachwa chini ya benchi. Hakuupuuza. Aliwaita polisi, akasaidiana nao kuwaondoa watu. Kabla hawajamaliza, bomu lenye misumari likalipuka. Mama mmoja aliuawa, mpiga picha wa Kituruki akafa kwa moyo akikimbilia mahali pale, na watu zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Lau si mlinzi yule, maiti zingalikuwa nyingi.

Je, alipata shukrani gani? Siku tatu aliitwa shujaa. Siku ya nne gazeti la mji ule likaandika kwamba makachero wanamshuku yeye mwenyewe. Ushahidi haukuwapo; ilisemwa tu kwamba anafanana na watu wa namna ile, wanaotafuta sifa. Makachero walimhoji kwa hila, wakimwambia kwamba wanatengeneza filamu ya kufundishia walinzi. Nyumba aliyokaa na mama yake ikapekuliwa. Siku 88 hakutoka nje ila wapiga picha wamfuate. Mwezi wa Oktoba serikali ikaandika barua kwamba hashukiwi tena.

Na mwenye bomu? Alikuwa Eric Rudolph, Mmarekani, aliyepata kuwa askari wa jeshi la nchi yake. Kikulacho ki nguoni mwako. Aliichukia serikali kwa kuruhusu utoaji wa mimba, akataka michezo ivunjike. Macho ya watu yalipokuwa mlangoni pa Jewell, yeye alikuwa huru. Mwaka 1997 alitega mabomu mahali pawili zaidi, na Januari 1998 bomu lake likamwua polisi huko Birmingham, Alabama. Alikamatwa mwaka 2003, akakiri mwaka 2005, akafungwa maisha.

Ndugu zetu, uvumi una madhara mawili: humtesa asiye na kosa, na humpa nafasi mwenye kosa. Basi katika matawi yetu, mtu akinong'onwa kuwa ni msaliti, tusimhukumu barazani. Aitwe, aambiwe shtaka lake waziwazi, ajibu, mashahidi wasikilizwe. Akionekana hana kosa, atangazwe kwa sauti ile ile iliyomtuhumu.

Jewell alingoja hadi mwaka 2006, gavana wa Georgia alipomshukuru hadharani. Mwaka uliofuata alikufa, umri wake miaka 44. Tusimcheleweshee mtu haki yake namna hiyo.