Jalada Lililo Machoni Lisionekane: Utunzaji wa Mafaili Katika Kompyuta za Ofisi

(Mada iliyotolewa kwa Watendaji wa Kata na Vijiji na Watunza Kumbukumbu)



Mwananchi aondokaye kijijini alfajiri kufuata nakala ya muhtasari wa mkutano uliompa shamba lake hana haja ya kujua kompyuta inavyofanya kazi. Haja yake ni karatasi. Akiambiwa kwamba faili halionekani, arudi wiki ijayo, amepoteza nauli na siku ya kazi, na pengine amepoteza haki yake mbele ya baraza la ardhi. Kwa sababu hiyo mada hii, ijapokuwa yahusu mashine, ni mada ya huduma.

Mara nyingi faili lisemwalo kupotea halijapotea. Mfumo endeshi wa kompyuta, hasa Windows unaotumika katika ofisi nyingi, una mazoea yake, na asiyeyajua humsumbua kila siku.

Zoea la kwanza ni kuficha mwisho wa jina. Kila faili lina herufi za mwisho zinazoeleza aina yake: docx ni waraka, xlsx ni jedwali, exe ni programu. Tangu miaka ya 1990 Windows huzificha herufi hizo isipoelekezwa vingine. Hivyo faili liitwalo barua.pdf.exe huonekana kama barua.pdf, na karani hulifungua akidhani ni barua, kumbe ameiwasha programu ya mhalifu. Mwezi Mei 2000 kirusi kilichotokea Ufilipino kilienea duniani kwa hila ya namna hiyo, kikijifanya barua ya mapenzi. Dawa yake ni nyepesi. Katika Windows 10 mtumishi hufungua dirisha la mafaili kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na E, huchagua palipoandikwa View, kisha hutia alama penye File name extensions. Katika Windows 11 hupitia View, halafu Show.

Zoea la pili lahusu majina. Namba za kumbukumbu za serikali hutenganishwa kwa mkwaju, lakini Windows haikubali mkwaju katika jina la faili, wala nukta pacha, wala alama ya kuuliza. Karani akikataliwa hubuni jina lake mwenyewe, na mwenzake hubuni jingine. Jalada moja likawa na majina matatu. Yafaa ofisi nzima ikubaliane kuweka kistari mahali pa mkwaju. Tarehe nazo zianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2024-03-05. Zikipangwa kwa jina, mihtasari itafuatana kama ilivyofanyika mikutano. Siku ikitangulia, muhtasari wa tarehe 5 Machi utakaa jirani na wa tarehe 5 Novemba. Wala isitegemewe tarehe ya mabadiliko inayooneshwa na kompyuta yenyewe, kwani muhtasari wa 2019 ukifunguliwa leo na kuhifadhiwa upya utaandikwa tarehe ya leo.

Zoea la tatu ni la kuburuta. Folda ikiburutwa ndani ya diski ileile huhama. Ikiburutwa kwenda diski nyingine au kwenye flashi hunakiliwa. Mkono ukiteleza, folda ya kata nzima huingia ndani ya folda ya jirani, na watu husema imefutika. Papo hapo Ctrl na Z huirudisha. Muda ukiwa umepita, itafutwe kwa jina kabla ya kutamka kwamba imepotea. Lakini kilichofutwa kwenye flashi kwa kawaida hakipiti katika kapu la taka. Huondoka moja kwa moja.

La nne ni lile lililowaliza wengi. Flashi huchomekwa, na mahali pa folda huonekana njia za mkato zenye majina yaleyale. Hiyo ni kazi ya kirusi: kimezificha folda halisi na kuweka mitego mahali pake. Anayebofya mtego hukihamishia kirusi katika kompyuta ya ofisi. Hapo mtumishi asibofye, na asikubali ushauri wa kuisafisha flashi yote, kwa kuwa mara nyingi mafaili yangali humo, yamefichwa tu. Aichomoe na kuipeleka kwa Afisa TEHAMA, ambaye ataondoa kirusi kwanza, kisha kuyafichua mafaili.

Ndugu watumishi, kompyuta imerithi majina ya masijala ya kale, faili na folda, lakini haikurithi nidhamu yake. Katika masijala ya karatasi jalada halikutoka bila kuandikwa. Nidhamu hiyo yapasa kurejeshwa na watu, kwa jina moja linalokubaliwa na wote, mahali pamoja pa kuhifadhi, na nakala ya pili inayotunzwa nje ya kompyuta ileile.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Shamba la mjane likiwa halina muhtasari unaoonekana, daftari lake limo mikononi mwa karani.