Ngoma, Ubongo na Usingizi Wetu

(Maneno ya mwenzetu enfirmye mbele ya wanachama, mkutano wa mwezi, Lubumbashi. Tumeyaandika karibu na vile yalivyosemwa.)



Komite iliniomba nijibu ulizo moja lililoleta kelele mkutano uliopita. Mu kartie kuna kijana anauza sauti za kusikiliza mu telefoni. Anasema zinapanga mawimbi ya ubongo: unaweka vile vidude mu masikio dakika 30, na mawazo ya vita yanatoka. Wengine wetu walitaka tutoe feza ya sanduku la msaada, kila jamaa inunuliwe. Wengine wakasema, ya nini kununua, na ngoma yetu ya Jumapili iko? Na watatu wakasema ngoma yenyewe tuiache, ni mambo ya zamani. Nilisikia wote. Leo munisikie mimi kidogo.

Mawimbi ya ubongo si uongo. Ubongo unafanya kazi na umeme mdogo sana. Si ule wa nyaya; huu wetu haukatike usiku. Munganga mumoja wa Jena, kule Ujerumani, jina lake Hans Berger, njo wa kwanza kuuandika kwenye karatasi kwa kuweka nyuzi juu ya kichwa cha mutu, mwaka 1924. Alitangaza kazi yake mwaka 1929. Aliona kwamba mutu akifunga macho na kutulia, umeme unapanda na kushuka mara 8 mpaka 13 kwa sekunde moja. Hayo akayaita mawimbi ya alfa. Akifungua macho na kuanza kuhesabu, yanakuwa madogo na ya haraka. Mu usingizi mzito yanaenda polepole, chini ya mara 4 kwa sekunde. Basi yule kijana hapo hakudanganya.

Ulizo ni hili: sauti ya nje inaweza kuvuta yale mawimbi ya ndani?

Inaweza, lakini si vile anavyouza yeye. Mwaka 2009 kule Budapest watu wa elimu walitangaza kazi waliyofanya na watoto wachanga wa siku mbili, tatu, wakiwa usingizini. Waliwapigia mapigo ya ngoma, kisha wakaondoa pigo moja, lile zito la mwanzo. Ubongo wa mtoto ulishtuka: kuna kitu kimekosa! Mtoto wa siku mbili, hajaenda masa, hajaenda mu kilio, na tayari anangojea pigo. Bamama hamushangae, mulijua zamani. Njo maana tunabeba mtoto ku mgongo na kumpigapiga polepole.

Kazi nyingine ilitoka Ubelgiji mwaka 2011, na hiyo njo ninaipenda zaidi. Watu walisikilizishwa sauti moja, pigo zilezile zinafuatana sawasawa. Waliambiwa: sasa uihesabu kichwani mbilimbili; sasa uihesabu tatutatu. Sauti haikubadilika hata kidogo. Lakini mawimbi ya ubongo yalibadilika, yakafuata hesabu ya mutu, si sauti peke yake. Wapiga ngoma wetu wako pale wanacheka, juu njo kazi yao: ngoma ndogo inasema tatu, kubwa inasema mbili, na wewe unayecheza unachagua mguu wako unafuata gani. Basi mutu si sahani ya kumwagia sauti. Ubongo unashiriki.

Kuna aliyesema kwamba ngoma ina nguvu peke yake. Mwaka 1961 Mumarekani mumoja, Andrew Neher, aliandika kwamba alipiga ngoma mbele ya watu mu laboratwari na mawimbi yao yakafuata mapigo. Watu walifurahi sana na jambo hilo. Lakini wengine wakauliza: kama wale watu walikuwa wanapepesa macho au kutikisa kichwa na ngoma, mashine haikuandika hiyo? Na mwaka 1980 Mufaransa Gilbert Rouget alitoa kitabu kikubwa juu ya muziki na kupandwa na roho, akaonyesha kwamba hakuna pigo moja linaloangusha watu kila mahali. Hapa pa kwetu muangalie tu: ngoma moja, watu mia moja, anaanguka mumoja. Na mupigaji, mwenye kuisikia karibu kupita wote, yeye haanguki.

Turudi ku sauti za telefoni. Hila yake ni ya zamani. Sikio la kuume linapewa sauti ya mitetemo 400 kwa sekunde, la kushoto 410, na ubongo unasikia kitu cha tatu kinachopigapiga mara 10, hesabu ya tofauti. Mujerumani Dove alieleza jambo hilo tangu karne ya 19. Unaisikia kweli. Lakini je, mawimbi ya ubongo yanafuata? Mwaka 2023 watu walikusanya kazi 14 zilizopima hilo kwa mashine. Tano zilisema ndiyo, nane zilisema hapana, moja iko katikati. Mimi kwa hesabu hiyo sitoi feza ya mayatima.

Anayetaka kusikiliza, asikilize, haina sumu. Lakini muziki wa pole wa kawaida una ushuhuda mzuri kuliko huo. Kwa wale wasiolala, kuna hesabu ya kazi 13 zilizowekwa pamoja mwaka 2022, watu 1007: kusikiliza muziki kila siku kulifanya usingizi wao uwe bora. Na huo hauuzwi na mutu. Mzee akitaka gitare ya Mwenda Jean-Bosco, ile Hugh Tracey alirekodi kule Jadotville mwaka 1952, aweke polepole kila usiku saa ileile. Tena mu radio ya kawaida, ile muko nayo.

Sasa ngoma yetu. Wengi hapa tulikaa ku Kala, ku Mwange, upande wa Zambia, tangu Pweto ilipoanguka mwisho wa 2000, wengine mbele ya pale. Makambi yalifungwa 2010, tukaja na malata mawili na sufuria, na usingizi ukabaki njiani. Mama mumoja aliniambia, “Mi silalake. Usiku yote niko naangalia malata.” Nilimuuliza siku gani analala. Akasema, “Jumapili kaka.” Jumapili njo siku ya ngoma.

Kwa nini? Muone bamama wawili wanaotwanga mu kinu kimoja. Mwanzo michi inagongana. Kisha kidogo kila mmoja anapata nafasi yake, pumzi zinaenda sawa, na mazungumzo yanaanza. Hakuna aliyetoa amri. Mu Brazili vijana 264 walichezeshwa, wengine pamoja kwa hatua moja, wengine kila mutu na yake, kisha wakabanwa mkono na ile mpira ya kupima damu mpaka waseme inauma. Waliocheza pamoja walivumilia maumivu zaidi na walisikia ukaribu na wenzao. Kutoka jasho nako kulisaidia, lakini kule kwenda pamoja kulikuwa na nguvu yake.

Na kuna jambo lingine ambalo mashine haipimi. Ndugu za Walunda wetu, Wandembu wa Mwinilunga, walikaliwa na Muingereza Victor Turner tangu 1950 mpaka 1954. Aliandika vile munganga wa ngoma alivyokuwa anafanya: wanapiga, wanaimba, halafu anasimamisha ngoma. Kimya. Anasema, leteni yaliyo mu roho zenu juu ya mgonjwa huyu. Jirani anasema kinyongo chake, shemeji anasema chake, mgonjwa mwenyewe anasema. Ngoma inaanza tena. Mimi naona dawa ilikuwa mle mu kimya, lakini bila ngoma nani angethubutu kusema?

Ku Bukavu, mu lopitali ya Panzi ya munganga Mukwege, wanafanya kitu cha namna hiyo kwa njia ya leo. Wanamama walioteswa wanakaa na mtu wa kusikiliza mioyo na mutu wa kurekodi, wanatunga wimbo wao wenyewe juu ya yaliyowapata, wanaurekodi. Mwaka 2021 ilitangazwa kazi iliyofanywa na wanamama wa Mulamba, kijiji cha Kivu ya Kusini: hofu na huzuni vilipungua. Hakuna aliyewawekea kitu mu masikio wakae kimya. Wao njo walikuwa wenye sauti.

Lakini, bapapa na bamama, hapa munisikie vizuri.

Mwenzetu mmoja, sitataja jina, ana kifafa. Alikesha usiku tatu mu maombi ya ngoma na nyimbo, akajisikia mwepesi, akaacha vidonge. Siku ya ine aliangukia mbabula. Mkono mumeuona. Kukosa usingizi peke yake kunaamsha kifafa. Kuacha dawa kwa ghafla kunakiamsha zaidi. Mwepesi alioujua ulikuwa wa kweli, simkatalie. Lakini mwepesi si kupona. Mwenye kifafa, mwenye kusikia sauti zisizokuwako, mwenye kufikiri kujiua, huyo tunampeleka. Hapa Lubumbashi kiko kituo cha Joseph Guislain kwa magonjwa ya namna hiyo. Aende, na Jumapili aje kucheza vilevile.

Na wale ambao ngoma kubwa inawakumbusha masasi: kuna papa mumoja anatoka inje kila tunapoianza. Musimrudishe kwa nguvu, musimcheke. Atawekwa kiti pale mlangoni, na mutu wa kukaa naye.

Basi nililoomba komite ni hili. Feza ya sauti za telefoni isitoke. Itolewe kwa ngozi ya ngoma ndogo, ile imepasuka, na iliyobaki iwe transport ya wale wanaofuata vidonge kila mwezi, juu wengi wanaviacha si kwa kukosa imani, ni kwa kukosa feza ya taksi. Wafadhili wetu wanaosoma gazeti hili wajue feza yao inaenda pale.

Ngoma itaanza saa tisa na itaisha saa kumi na mbili ya magaribi, hakuna kukesha. Katikati tutaisimamisha mara mbili, robo saa kila mara, anayetaka kusema aseme. Mwenye kushika orodha ya vidonge atakaa karibu na maji ya kunywa, mupite kwake mbele ya kurudi nyumbani.