Daftari la Mvua ni Mali ya Kata

(Maelezo yaliyotolewa katika mkutano wa hadhara wa kata)



Satelaiti ya Meteosat huitazama Afrika kutoka umbali wa kilomita zipatazo 36,000 juu ya Ikweta. Huyaona mawingu, lakini haikingi mvua; kiasi cha mvua hukadiriwa tu. Makadirio hayo husahihishwa kwa vipimo vya ardhini, kama hiki cha shuleni kwetu, kinachosomwa kila siku saa 3:00 asubuhi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, siku ambayo kipimo hakikusomwa, tusiandike sifuri. Sifuri maana yake mvua haikunyesha. Siku isiyosomwa iachwe wazi, na sababu iandikwe. Pili, takwimu iliyokosewa isifutwe: ipigwe mstari mmoja, na iliyo sahihi iandikwe kando. Tatu, kipimo kikihamishwa, tarehe na mahali papya viandikwe.

Wastani wa mvua hukokotolewa kwa kumbukumbu za miaka 30. Sifuri ya uongo tunayoiandika leo itamdanganya mtaalamu atakayemshauri mjukuu wako mbegu ya kupanda, na mhandisi atakayepima upana wa kalavati.

Daftari lipo ofisi ya Mtendaji wa Kata. Kila mkazi anakaribishwa kulisoma na kuhoji panapomtatiza. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mvua nayo ni mali.