Sikia Kabla ya Kulipa: Kuchagua Detekta ya Metali kwa Bei Nafuu

Mazungumzo na walaji wa Matema, Wilaya ya Kyela

  

Leo tunazungumzia detekta ya metali, yaani mashine inayopitishwa juu ya ardhi na kulia inapokuta metali. Zamani ilijulikana zaidi kwa wanajeshi na wachimbaji wa madini. Siku hizi huagizwa kwa simu, na wachuuzi huitembeza kijiji hadi kijiji. Wapo wanaoitaka kwa burudani tu: kutembea ufukweni asubuhi na kuokota sarafu ambazo mchanga umezificha. Hao tunawaunga mkono. Lakini wapo pia wanaoambiwa kwamba mashine hiyo itawatoa katika umaskini, na hao ndio hasa waliotufanya tuchague mada hii.

Mwambao huu una historia inayowavutia wachuuzi wa namna hiyo. Wamisionari wa Kijerumani walifika ncha hii ya Ziwa Nyasa mwaka 1891. Kituo cha utawala wao kilichoitwa Langenburg kilikuwa kwenye mwambao huu kabla ya makao ya wilaya kuhamishiwa Tukuyu. Kutokana na hayo, watu husimulia habari za mali iliyofukiwa na Wajerumani wakati wa vita. Mchuuzi anayezijua habari hizo haitangazi mashine. Anatangaza utajiri, kisha anatoza bei ya utajiri.

Neno letu kuu ni hili: detekta inunuliwe kwa fedha ya burudani, isinunuliwe kwa fedha ya mtaji, na isilipiwe kabla haijajaribiwa mbele ya macho yenu. Fedha ya mpunga au ya kakao iliyotengwa kwa ada ya mtoto haifai kununulia detekta. Mkopo wa VICOBA au wa simu haufai zaidi, kwa kuwa riba huanza kudai hata kama mashine haijapata kitu.

Tuseme kwanza kinachoweza kupatikana. Kwenye fukwe na viwanja vya zamani vya soko, mtafutaji mwaminifu hupata vizibo vya soda, misumari, ndoana, na mara mojamoja sarafu. Sarafu hizo huenda zikawa senti na shilingi zetu zilizoanza kutumika mwaka 1966, au senti za Afrika Mashariki za enzi ya Mwingereza, ambazo baadhi zina tundu katikati. Akibahatika sana atakuta heller, sarafu ndogo za Wajerumani. Kuanzia mwaka 1904 heller 100 zilifanya rupia moja. Ile sarafu ya dhahabu ya rupia 15 inayosifiwa na wachuuzi ipo kweli. Ilipigwa Tabora mwaka 1916, lakini zilipigwa elfu kumi na sita na ushei tu kwa koloni zima. Kupanga matumizi ya nyumba kwa kuitegemea ni sawa na kulipia mtumbwi kwa samaki ambaye bado yumo ziwani.

Jambo la pili ni namna mashine inavyofanya kazi, kwa sababu anayelijua hili hadanganywi kwa urahisi. Mwishoni mwa fimbo kuna sahani ya duara iitwayo koili. Koili hupeleka mawimbi ya sumaku ardhini. Yakigusa metali, metali hiyo hujibu kwa mawimbi yake dhaifu, na mashine huyapokea na kulia. Nguvu ya jibu hilo hupungua haraka sana kadiri kitu kinavyokuwa mbali. Kwa hiyo detekta ya kawaida husikia sarafu moja katika kina cha sentimita 15 hadi 25, na mashine za bei ya chini mara nyingi huishia chini ya hapo. Kitu kikubwa kama jembe husikika kutoka ndani zaidi. Anayewaambia kwamba mashine yake husikia sarafu iliyo mita tatu chini, huyo hasemi kweli.

Jambo la tatu ni aina ya mashine. Detekta nyingi za wanaoanza huandikwa VLF kwenye boksi. Hizo hutumia wimbi lisilokatika, ni nyepesi kwa bei, na zina uwezo wa kubagua: zinaweza kunyamazia msumari na kulilia sarafu. Aina nyingine huandikwa PI. Hizo hutuma mapigo mafupi na hufaa mahali penye chumvi nyingi au udongo mgumu wa madini, lakini kwa kawaida hubagua chuma kwa udhaifu na huuzwa ghali zaidi. Kwa anayetafuta sarafu kwa burudani, VLF yatosha.

Hapa watu wa Matema mna nafuu ambayo wenzenu wa Tanga au Mtwara hawana. Maji ya bahari huichanganya detekta rahisi kwa sababu ya chumvi, na anayetafuta huko hulazimika kulipia mashine maalumu. Ziwa Nyasa ni maji matamu. Mtu akiwauzia mashine kwa bei ya juu kwa sababu ni ya baharini, anawauzia msichokihitaji. Mnachohitaji ni koili isiyoingiza maji. Ulizeni pia kama kisanduku chenye vitufe nacho kinastahimili maji, maana mashine nyingi koili yake huzama salama ilhali kisanduku kikidondokewa na wimbi moja huharibika.

Pamoja na nafuu hiyo, kuna ugumu wa udongo. Milima ya Livingstone ina miamba yenye chuma, na upande wa Rungwe kuna miamba ya volkano. Mchanga wenye punje za chuma huifanya mashine ilie ovyo. Kipimo chake ni rahisi: chukua sumaku ya spika mbovu, iburute kwenye mchanga mkavu wa mahali unapokusudia kutafuta. Ikitoka na ndevu nyeusi nyingi, chagua mashine yenye uwezo wa kusawazisha udongo, wenyewe au kwa mkono. Ikitoka safi, usilipie zaidi kwa ajili ya uwezo huo.

Jambo la nne ni gharama kamili. Huko zinakouzwa kwa wingi, mashine ya mtu anayeanza kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana huanzia takriban dola 150 hadi 350 za Marekani. Mashine za wachimba dhahabu hufika maelfu ya dola, na kwa kutafuta sarafu hazina sababu. Juu ya bei hiyo ongeza nauli, ushuru wa forodha, betri, spika za masikioni na sepeto ndogo. Angalieni kama betri ni zile zinazopatikana dukani au ni ya kuchaji tu, na kama koili na waya wake huuzwa peke yake zikiharibika. Vijana wakichangia mashine moja, waandike kabla ya kununua nani anaitunza na kinachopatikana kinagawanywaje.

Jambo la tano ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni kujaribu. Akina mama wa Ikombe wanapoleta vyungu sokoni Lyulilo, mnunuzi hagawi fedha kwa kusifiwa chungu. Hukigonga akasikiliza, na chenye ufa hujitaja chenyewe. Detekta nayo ijaribiwe kwa sikio. Chukueni sarafu isiyovutwa na sumaku, kwa sababu ile inayovutwa ina chuma ndani na mashine inaweza kuinyamazia kwa haki kabisa. Chukueni pia msumari na kizibo cha soda. Vifukieni kwa kina cha kidole, kisha cha kiganja. Sikilizeni kama mlio wa sarafu unatofautiana na wa msumari, na kama unarudi vilevile mnapopita mara ya pili na ya tatu. Kizibo kitawadanganya wakati mwingine hata kwenye mashine nzuri, na hilo si kosa la muuzaji.

Kisha fanyeni jaribio la mashimo matatu. Muuzaji ageuke pembeni. Fukieni sarafu katika shimo moja, mengine mawili yafunikwe yakiwa matupu, na yote yasawazishwe yafanane. Sasa muuzaji aitafute. Rudieni mara tano au sita, maana mara moja mtu anaweza kubahatisha. Muuzaji mkweli hatachukia.

Jaribio hilo ndilo linalofichua kifaa hatari kuliko vyote: kishikio chenye antena moja au mbili zinazoyumba, kinachodaiwa kuonyesha dhahabu iliyo mamia ya mita mbali. Antena hizo huyumbishwa na mkono wa anayezishika. Wasidhani walionunua ni wajinga, kwa maana hata serikali zimenaswa. Mwingereza James McCormick aliuza kifaa cha namna hiyo, ADE 651, akidai kinanusa mabomu. Kilitokana na kichezeo kilichouzwa kwa bei ndogo kama kitafuta mipira ya gofu. Iraq ilinunua maelfu, askari wakavitegemea kwenye vizuizi vya barabarani, na mwaka 2013 mahakama ya London ikamhukumu kifungo cha miaka 10. Kifaa kikishindwa kuona sarafu iliyo sentimita kumi chini ya miguu yenu, hakitaona dhahabu iliyo ng'ambo ya mlima.

Jambo la sita ni sheria, kwa kuwa mashine halali inaweza kutumiwa kwa njia isiyo halali. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Sura ya 333, hairuhusu mtu kuchimba ili kutafuta mambo ya kale bila leseni ya Mkurugenzi wa Mambo ya Kale. Kwa hiyo majengo ya misheni, magofu na makaburi si mahali pa kujaribia bahati. Mkikuta kwa nasibu kitu cha kale, toeni taarifa. Kutafuta na kuchimba dhahabu kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Madini. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, basi msiache mashimo ufukweni. Na kila ardhi ina mwenyewe: ombeni ruhusa kwa mwenye kiwanja au kwa serikali ya kijiji kabla ya kuwasha mashine.

Mwisho, risiti. Daini risiti ya kielektroniki yenye jina la bidhaa na modeli yake. Mwelezeni muuzaji kazi mnayoitakia mashine, na ahadi yake aiandike: inasikia sarafu kwa kina gani, dhamana ni ya muda gani, ikiharibika inapelekwa wapi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza muuzaji kumpotosha mlaji kuhusu ubora na uwezo wa bidhaa, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Lakini lalamiko lisilo na risiti wala jina la muuzaji ni vigumu kulifuatilia, na mchuuzi aliyekwisha kupanda basi la Mbeya hana anwani. Kama anakataa kuandika, msinunue, hata akipunguza bei kwa nusu.

Ndugu zetu, hatukuja kuwazuia kujifurahisha. Mtu aliyenunua kwa kiasi, akajaribu, akaomba ruhusa, anaweza kupita ufukweni mwaka mzima na kupata senti kumi zenye tundu na hadithi ya kuwasimulia wajukuu, na fedha yake haikupotea.  Wenye maswali wasimame, na aliyekwisha kununua alete mashine yake tuifanyie jaribio la mashimo matatu hapa hapa.